Kidole Gumba cha Edmond

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 12, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa nafungisha ndoa. Sio za watu, za maua.

Ndivyo mjomba wangu alivyoiita ile kazi. Nilikuwa nakaa kwake kijijini, upande wa Kagera, kwenye kibanja cha migomba na mibuni kama vibanja vyote vya kwetu, isipokuwa yeye alikuwa ameongeza mistari ya mibono kaburi, na kwenye kila mbono ulitambaa mmea wenye shina nene la kijani na majani mazito yanayong'aa. Vanila. Mwaka ule bei ilikuwa imepanda mpaka watu wakawa wanaitaja kwa kunong'ona. Wanaume wazima, wenye nyumba na vitanda vyao, walikuwa wanalala shambani na mapanga. Mjomba alijenga kibanda cha turubai katikati ya migomba, na shangazi akawa anampelekea chakula cha usiku huko huko kama vile mume wake yuko jeshini.

Kazi yangu ilikuwa ndogo, na ilianza alfajiri. Ua la vanila lina rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, na kusema kweli si zuri kihivyo. Anayetafuta ua la kupamba meza atalipita. Linafunguka asubuhi, mchana linanyauka, na likishanyauka ndio basi, halifunguki tena. Ndani yake kuna sehemu ya kiume yenye chavua na sehemu ya kike ya kuipokea, zote mbili chumba kimoja. Lakini katikati yao kuna kiwambo, kipande chembamba kama ulimi, kinachozizuia zisigusane. Kwa hiyo unalishika ua kwa mkono wa kushoto, unauchana mdomo wake kwa kijiti (sisi tulitumia mwiba wa mlimau), unakiinua kile kiwambo kwa ncha ya mwiba, halafu kwa kidole gumba unaisukuma chavua mpaka iguse pale panaponata. Basi. Sekunde tatu, nne. Unahamia ua jingine.

Mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kumaliza maua zaidi ya 1,000 kwa asubuhi moja. Mimi sikuwahi kufika hata 200, maana kengele ya shule ilikuwa inanikuta bado niko mstari wa pili.

Siku ya kwanza, mjomba alipokuwa ananionyesha, nilimuuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza.

"Mjomba, nani aligundua kufanya hivi?"

"Wazungu, mjomba," alinijibu bila kuinua macho. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, wanarudishiana. "Mimi alinifundisha bwana shamba. Bwana shamba kafundishwa chuoni. Chuoni kawafundisha nani? Si Wazungu."

Nikaridhika. Nikaendelea na maua yangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Dar es Salaam na mashamba nimeshayapa kisogo, nilikuwa najisomea historia ya viungo. Nilikuwa natafuta habari za karafuu, kwa kuwa karafuu sisi tunaifahamu, imeingia kwenye nyimbo zetu, kwenye riwaya zetu, kwenye siasa zetu. Vanila ilikuwa sura ya pembeni tu. Lakini ndani ya sura hiyo nikakuta habari kwamba ile njia ya mwiba na kidole gumba, inayotumika mpaka leo karibu kila mahali vanila inapolimwa, iligunduliwa mwaka 1841 na mtoto wa miaka 12. Mtoto mweusi. Mtumwa.

Nilikiweka kitabu chini, nikakitazama kidole gumba changu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya habari zake kipande kwa kipande, na leo naomba nikusimulie, msomaji. Ila ili tumfikie huyo mtoto inabidi tuanzie mbali kidogo, kwenye mmea wenyewe.

Vanila ni okidi. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu okidi tunazifahamu kama maua ya urembo, ya harusi na ya hoteli. Jamii hii ya mimea ina aina zaidi ya 25,000 duniani, lakini zinazoliwa na binadamu ni chache mno. Tanzania tunazo zile za Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Kwenye soko la dunia, okidi ya kuliwa ni vanila, na hasa aina moja iitwayo Vanilla planifolia.

Tena vanila ya porini hata sisi tunayo. Kwenye vichaka vya pwani, kuanzia Kenya kushuka Tanzania hadi Msumbiji, kuna okidi inayotambaa isiyo na majani kabisa, ni shina tu la kijani lililonenepa kama kamba ya meli, na maua yake ni meupe, makubwa, mazuri kuliko ya ile tuliyokuwa tunahangaika nayo kwa mjomba. Wataalamu wanaiita Vanilla roscheri, kwa jina la Albrecht Roscher, msafiri Mjerumani aliyeuawa karibu na Ziwa Nyasa mwaka 1860. Kichaka chetu, mmea wetu, jina la mgeni. Naomba ulikumbuke hili, tutalirudia.

Hii planifolia, yenyewe, asili yake ni misitu yenye joto na unyevu ya Mexico na Amerika ya Kati. Ni mmea wa kivulini. Unaota chini, unapanda mti, unajishika kwa vijimizizi vinavyochomoza kando ya shina, na ukiachiwa unapita mita 10 kwenda juu kufuata mwanga. Ndio maana mjomba alikuwa anaukunja kila mara na kuuteremsha chini. Ukiuacha upae, maua utayafuata na ngazi.

Watu wanaotajwa kuwa wa kwanza kuulea ni Watotonac, wa eneo la Papantla, katika jimbo la Veracruz. Baadaye Waazteki waliotawala sehemu hizo walidai vanila kama kodi, wakaitia kwenye kinywaji chao cha kakao. Waliiita kwa lugha yao tlilxochitl, yaani ua jeusi, ingawa ua lenyewe si jeusi hata kidogo. Kilicho cheusi ni lile ganda likishakaushwa. Mwaka 1552 mganga mmoja wa huko, Martín de la Cruz, aliandikisha kitabu cha dawa za kwao chenye picha za mimea, na vanila imo, ikiwa miongoni mwa vitu vya kuvaa shingoni kumkinga msafiri. Hirizi, kwa lugha yetu. Mwenzake, Juan Badiano, alikitafsiri kitabu kwa Kilatini. Sasa ukitafuta kitabu hicho leo, mara nyingi utakikuta kwa jina la Badiano. Mganga aliyekuwa na elimu alifunikwa na mtafsiri.

Wahispania walipofika, mwaka 1519, waliyaona yale maganda marefu membamba wakayafananisha na ala ya upanga. Kwao ala ni vaina, na ala ndogo ni vainilla. Hilo ndilo jina lililobaki, ndilo lililotufikia sisi.

Waliupeleka mmea Ulaya pia. Wakauotesha kwenye nyumba za vioo, ukaota, ukatambaa, hata ukatoa maua. Maganda, hakuna. Miaka ikapita, karne zikapita. Wakati huo dunia nzima ilikuwa inategemea vanila ya Mexico, kwa sababu kule walikuwepo nyuki wa porini waliozoea kuingia kwenye lile ua. Kwingine nyuki hao hawakuwepo, na ua likabaki tasa. Mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kulichavusha kwa mkono mwaka 1836 mjini Liège, lakini njia yake ilibaki huko huko kwenye nyumba za vioo. Mkulima hakuwa na jambo la kufanya nayo.

Sasa tuje baharini kwetu.

Kuna kisiwa mashariki ya Madagaska kinachoitwa Réunion. Wakati wa habari hizi kilikuwa kikiitwa Bourbon, kwa jina la ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Kilikuwa kisiwa cha mashamba: kwanza kahawa, halafu miwa, na kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa. Walitoka wapi? Wengine Madagaska, wengine India, na wengine wengi mwambao huu huu wa kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Ukisimama leo kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, watalii wakipiga picha za msikiti mkuu, hayo maji unayoyaona mbele yako ndiyo waliyopita. Mpaka leo, Réunion, watu wenye asili ya Afrika wanaitwa Kaf. Neno hilo chanzo chake tunakijua vizuri: kafiri.

Edmond alizaliwa kisiwani humo humo, Sainte-Suzanne, mwaka 1829. Mama yake, Mélise, alifariki wakati wa kumzaa. Baba yake aliitwa Pamphile. Majina mawili ya ukoo hakuwa nayo, hata moja hakuwa nalo. Mtumwa alikuwa Edmond tu, kama vile ng'ombe anavyokuwa na jina moja. Alilelewa kwa Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba aliyekuwa na wazimu wa mimea, na huyo bwana alikuwa anazunguka na mtoto bustanini tangu mdogo. Kwa kumfuata fuata, Edmond akajua mimea. Bwana alimfundisha kuchavusha kwa mkono mmea mmoja wa jamii ya maboga, wenye ua dume na ua jike mbalimbali: unachukua hili unaligusisha lile. Shule hakupelekwa. Shule yake ilikuwa hiyo.

Vanila ilikuwepo Bourbon tangu miaka ya 1820, imeletwa kwa meli, na kama Ulaya, ilikuwa inatoa maua bila kuzaa. Bellier-Beaumont alikuwa na mmea mmoja wa miaka kama 20 uliokuwa haujamzalia kitu. Siku moja ya mwaka 1841 alikuwa anapita bustanini na Edmond akaona maganda mawili yananing'inia. Akashangaa. Mtoto akamwambia, ni mimi niliyefanya. Bwana hakumwamini. Siku chache baadaye akaliona ganda jingine. Mtoto akarudia maneno yale yale. Ndipo akamwambia haya, nionyeshe. Edmond akalishika ua, akauchana mdomo, akakiinua kiwambo kwa kijiti, akasukuma kwa kidole gumba.

Hebu tusimame hapa kidogo. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wameliangalia ua hilo kwa miaka mingi kwa darubini. Mtoto huyu aliliangalia kwa macho, akalifananisha na ua la boga, akaona kwamba tofauti ni kile kiwambo tu, akatafuta jinsi ya kukipita. Hii si bahati nasibu. Mimi nimelishika ua hilo mara elfu na kitu, na nakuapia, usipoonyeshwa hukioni kile kiwambo. Unaona ua tu.

Habari zikaenea. Bwana akawaandikia wenzake, na Edmond akawa anapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Haukupita muda kisiwa kizima kikajua. Mwaka 1848 Bourbon ilisafirisha kiasi cha kilo 50 za vanila kwenda Ufaransa; mwishoni mwa karne hiyo zilikuwa zinatoka tani 200 kwa mwaka, na Mexico, nyumbani kwa vanila, ikawa imepitwa.

Na mtoto je? Alibaki mtumwa miaka saba mingine. Uhuru wake aliupata mwaka 1848, mwaka ambao Ufaransa ilifuta utumwa kwenye makoloni yake. Tarehe 20 Desemba tangazo lilisomwa kisiwani na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Siku hiyo bado inasherehekewa Réunion, wanaiita Fèt Kaf. Mwaka uliofuata serikali ya Ufaransa ikapitisha sheria ya fidia. Ulisikia fidia ukafikiri wamelipwa watumwa? Hapana. Walilipwa mabwana, kwa hasara ya kupoteza mali.

Watumwa walipoachiwa, ilibidi wapewe majina ya ukoo ili waandikwe kwenye daftari. Edmond akapewa Albius, jina linalonukia Kilatini, lenye maana ya weupe. Wanaomtetea aliyelitunga wanasema ni kwa heshima ya ua la vanila. Ila ua hilo si jeupe, msomaji. Nimekwambia rangi yake.

Akiwa huru akahamia mji mkuu, Saint-Denis, akafanya kazi za jikoni. Huko akaingia kwenye kesi ya wizi wa vito, akahukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu. Bellier-Beaumont na hakimu mmoja wa Sainte-Suzanne walimwombea kwa gavana, wakikumbusha ni utajiri kiasi gani kisiwa kimepata kwa mkono wa mtu huyu, na akaachiliwa kabla ya muda. Akarudi Sainte-Suzanne. Akafia hospitali huko tarehe 9 Agosti 1880, maskini wa kutupwa, akiwa na miaka 51.

Kabla hajafa, kulikuwa na jambo jingine. Mtaalamu wa mimea aliyewahi kuongoza bustani ya serikali ya Saint-Denis, Jean Michel Claude Richard, alijitokeza kudai kwamba njia hiyo ni yake; kwamba aliionyesha kisiwani miaka kadhaa kabla, na huyo mtoto lazima alichungulia. Bellier-Beaumont, miaka ya mwanzo ya 1860, akaandika barua kumpinga. Hoja yake ilikuwa rahisi, ya mtu wa shambani: kama bwana huyu alitufundisha kweli, mbona miaka yote hiyo hakuna hata mtu mmoja kati yetu aliyevuna ganda? Mbona tulianza kuvuna pale tu Edmond alipotuonyesha?

Barua hiyo ndiyo iliyookoa jina la Edmond. Na hapo ndipo mimi kama msomaji hukwama. Sisi tunaosoma na kuandika tumezoea kujiuliza nani anasimulia. Karibu yote tunayoyajua kuhusu mtoto huyu tunayajua kwa kalamu ya mtu aliyekuwa anammiliki. Kalamu hiyo ilisema kweli, na tunaishukuru. Lakini tunamwona Edmond kupitia dirisha la bwana: Edmond anayemfuata fuata bwana, Edmond anayemfurahisha bwana. Alfajiri ile aliyokaa peke yake na ua mkononi, aliwaza nini? Alimwambia nani kwanza, mtumwa mwenzake jikoni? Alijua thamani ya alichokifanya? Hayo hayakuandikwa, kwa kuwa mwenyewe hakufundishwa kuandika. Kuna sanamu yake Sainte-Suzanne siku hizi. Sanamu haisemi.

Kutoka Bourbon, mmea na ile njia vilisafiri pamoja. Vilikwenda Madagaska, vikaja Komoro. Ngazidja, mwaka 1885, Mfaransa Léon Humblot, aliyeanza kama mtafutaji wa mimea na hasa okidi, aliandikiana mkataba na Sultani Said Ali uliompa haki kubwa juu ya ardhi ya kisiwa, na vanila ikawa moja ya mazao ya mashamba makubwa ya kikoloni. Kwa hiyo kuna wajomba wengi kabla ya mjomba wangu, na wapwa wengi kabla yangu, waliosimama alfajiri na mwiba mkononi kwenye mashamba ambayo si yao.

Na vanila hiyo yote, ya Madagaska, ya Komoro, ya Réunion, sokoni inaitwaje? Inaitwa vanila ya Bourbon. Mpaka leo. Ukoo wa wafalme ambao, nadhani, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchana mdomo wa ua, ndio uliobaki kwenye lebo.

Ukishachavusha, kazi ndiyo kwanza imeanza. Ganda linakaa miezi tisa mpaka likomae, kama mimba ya mtu. Ukilivuna bado halina harufu. Ni kitu cha kijani tu kama haragwe refu. Linachovywa kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi joto kama 65, kwa dakika chache. Linafunikwa kwa mablanketi litoke jasho. Linaanikwa juani kwa saa kadhaa na kufunikwa tena, siku baada ya siku. Kisha linakaa sandukuni miezi kadhaa. Kilo tano, sita za mbichi zinakupa kilo moja kavu. Hapo katikati ndipo harufu inapozaliwa, na hela pia. Sisi tulikuwa tunauza mbichi.

Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Wilhelm Haarmann na Ferdinand Tiemann, walitengeneza vanilini, ile kemikali yenye harufu ya vanila, kutokana na utomvu wa misonobari. Baadaye ikatengenezwa kwa mabaki ya viwanda vya karatasi, kisha kwa mafuta ya petroli. Leo, katika vitu vyote duniani vyenye ladha ya vanila, vyenye vanila ya shambani havifiki asilimia 1. Ile chupa ndogo ya dukani unayotilia keki haijawahi kuonana na ua. Na bei ya vanila halisi inayumba kama ngalawa kwenye kaskazi. Kimbunga kikipiga Madagaska, inapaa; Wamalagasi wakivuna vizuri, inazama. Baada ya kimbunga Enawo cha Machi 2017 ilipanda hadi karibu dola 600 kwa kilo ya vanila kavu, ikapita madini ya fedha. Miaka michache baadaye ikawa imeshuka tena.

Kule Madagaska wakulima wamebuni dawa ya wezi. Ganda likiwa bado changa wanalichoma kwa vipini vidogo vyenye herufi za jina la mwenye shamba. Ganda linakua na lile kovu, na hata likikaushwa likawa jeusi, jina linasomeka. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Kila ganda lina jina la mwenyewe. Aliyeyawezesha yote yazaliwe alikaa miaka 19 bila jina la ukoo, akapewa moja la kubuniwa, na hilo nalo likataka kunyang'anywa.

Mjomba alipoteza zao lake la mwisho si kwa wezi. Alikuja mnunuzi mwenye gari na mizani, akapima vanila mbichi ya nyumba kadhaa, akaandika kwenye daftari, akasema hela wiki ijayo. Wiki hiyo haijafika mpaka leo. Kisha bei ikaanguka, watu wakakata mibono wakapanda maharage. Mjomba aliacha mashina matatu nyuma ya jiko, na bibi aliweka maganda mawili kwenye sanduku la khanga zake. Alipofariki tulifungua lile sanduku, nyumba nzima ikanukia.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mjomba. Ni mzee sasa, inabidi uongee kwa sauti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Huko mnaendeleaje na joto?"

Nikamwambia nina habari ya vanila. Akaguna, alidhani nataka kumshawishi apande tena. Nikamsimulia yote, kuanzia mtoto na ua la boga hadi hospitali ya Sainte-Suzanne. Hakunikatiza hata mara moja, mpaka nikafikiri simu imekatika.

"Alikuwa na miaka mingapi ulisema?"

"Kumi na miwili."

"Kama wewe wakati ule."

"Kama mimi."

"Na wakamlipa?"

"Hapana, mjomba. Walilipwa waliokuwa wanammiliki."

Akanyamaza tena. Nilisikia kuku upande wa pili, na mtoto analia mbali.

"Mimi nilikwambia ni Wazungu," akasema.

"Ulikuwa hujui, mjomba."

"Nilikuwa sijui. Lakini nilisema kama ninayejua." Akakohoa. "Yale mashina ya nyuma ya jiko yametoa maua. Asubuhi mjukuu wangu aliniuliza hivyo hivyo kama ulivyoniuliza wewe. Nikamjibu vile vile. Anaitwa nani ulisema, huyo kijana?"

"Edmond Albius."

"Albi nani?"

"Albius."

"Ngoja," akasema. Nikamsikia anamwita mtoto amletee kalamu. "Haya, nitajie. Herufi moja moja, taratibu."